Risasi Yetu, Baruti ya Wengine

Fungua kamusi yoyote ya Kiswahili utafute neno risasi. Utakuta maana mbili. Ya kwanza ni madini: laini, mazito, ya kijivu, yale yaliyomo ndani ya betri za magari. Ya pili ni kile kitu kinachotoka bundukini na kuua. Mwingereza ana maneno mawili kwa vitu hivi. Sisi tuna moja, tumelitoa kwenye Kiarabu, na huko kwenye Kiarabu pia jina la madini ndilo lililozaa jina la kile kitu.

Siku hizi ukisema risasi Nairobi au Mombasa, hakuna anayewaza madini. Tunawaza polisi, maandamano, habari za saa moja. Lakini neno limebaki na kumbukumbu yake. Linatuambia kwamba kuna wakati watu wa pwani hii waliziona risasi zote mbili kwa macho yao. Ya kwanza ilinunuliwa kwa uzito sokoni. Ya pili ilikuwa mfukoni, ya mviringo, imepoa tayari. Katikati palikuwa na moto, chombo cha kuyeyushia, kalibu, na mtu wa kumimina.

Huyo mtu wa kumimina hayumo kwenye vitabu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, lakini muda niliokaa darasani ulitosha kuona kwamba historia ya bunduki Afrika Mashariki huandikwa kwa majina ya masultani, makonseli na makampuni. Nikaenda kumtafuta Takaungu.

Takaungu iko kusini mwa Kilifi. Unashuka kwenye barabara kuu ya Mombasa–Malindi, unapanda boda, unaingia ndani mpaka unaiona bahari imejipenyeza katikati ya mawe. Ukifika leo unaona misikiti, makaburi ya zamani, nyumba za mawe ya matumbawe, na vijana wanaongoja wimbi lijae. Ni mji mtulivu mno kwa yaliyowahi kupita hapo. Mwaka 1837 Sayyid Said wa Oman na Zanzibar aliuteka mji wa Mombasa kutoka kwa Mazrui waliokuwa wameutawala kwa karibu miaka mia. Waliobaki wa ukoo huo wakagawanyika. Wengine walikwenda kusini, Gazi. Wengine walikuja kaskazini, Takaungu. Hapo wakajenga mji wao, wakalima nafaka kwa jasho la watumwa, wakauza pembe za ndovu zilizotoka bara. Na kama kila mtu mwenye shamba, watumwa na maadui enzi hizo, wakajaza bunduki.

Bunduki yenyewe ilikuwa gobore. Hebu tuielewe vizuri, kwa sababu stori yote imo ndani yake. Gobore hujazwa kwa mdomoni. Unamimina baruti kwenye mtutu, unatia kitambaa au nyuzi, unatia risasi, unashindilia kwa mdeki mpaka chini. Halafu gumegume linapiga chuma, cheche inaingia, baruti inawaka. Mtutu ni mpana, hauna mifuo ndani. Bunduki ya jeshi la Uingereza ya aina hiyo ilikuwa na tundu la milimita 19 hivi, karibu upana wa kidole gumba.

Upana huo ulikuwa baraka kwa mtu wa kumimina, kwa sababu gobore halichagui. Risasi ikipungua kidogo, kitambaa kinajaza nafasi. Ikikosekana kabisa, watu walitia vipande vya chuma. Wazungu walipokuwa wakibadilisha silaha za majeshi yao, Uingereza kwa mfano ikienda kwenye Snider miaka ya 1860 na Martini-Henry kuanzia 1871, zile za zamani hazikutupwa. Zilipakiwa melini zikaletwa huku. Mwaka 1888 konseli wa Uingereza pale Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zinapitia kisiwani kila mwaka. Kila moja ilihitaji kulishwa.

Kulishwa vipi? Hapa madini yenyewe yanasaidia kueleza. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu. Shaba inataka zaidi ya 1,000, chuma zaidi ya 1,500. Yaani kusubu shaba au kuyeyusha chuma unahitaji mviba, makaa mengi na fundi aliyefunzwa. Kuyeyusha risasi unahitaji moto wa jikoni. Unamimina kwenye kalibu ya vipande viwili, ya chuma, shaba au jiwe, inayofunguka kama koleo. Unangoja kidogo, unafungua, tufe linadondoka. Chache za mwanzo hutoka na mikunjo kwa sababu kalibu bado ni baridi. Hazina hasara, unazirudisha chomboni. Hata risasi iliyokwisha kupigwa, ukiichimbua kwenye mti au kwenye mwili wa mnyama, unairudisha motoni ikawa mpya.

Niliona kitu karibu sana na hicho kwa macho yangu. Karibu na mahali wavuvi wa Takaungu wanapovuta vyombo, nilimkuta mzee amechuchumaa mbele ya mafiga matatu, upepo uko mgongoni kwake. Kwenye mkebe wa maziwa kulikuwa na kitu kinachong'aa kama kioo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Simama upande huu, usile moshi."

Alikuwa anatengeneza chubwi, yale mazito ya kuzamishia mshipi. Madini yalitoka kwenye betri iliyokufa. Kalibu aliundiwa na fundi wa kulehemu. Nikamuuliza kama si hatari. Akasema hatari ni maji. "Tone la jasho likidondokea humu, linaruka lote usoni." Mjukuu wake alisogea, akamfukuza bila hata kugeuza shingo. Nikamweleza ninaandika kuhusu risasi za zamani, za magobore. Akacheka, akainua chubwi moja iliyopoa.

"Unaona hili tundu? Hapa hupita mshipi. Lisingekuwa na tundu, ungekuwa unakuja kuniona Shimo la Tewa."

Alikuwa na haki ya kucheka. Sheria ya silaha ya Kenya, Sura ya 114, haimruhusu mtu kujitengenezea risasi za bunduki nyumbani hivi hivi. Uwindaji nao ulipigwa marufuku mwaka 1977. Kwa hiyo kazi yake ni ile ile, moto ule ule, madini yale yale, na kilichobaki halali ni tundu la mshipi.

Wawindaji wa kizungu waliokuja Afrika kuwinda ndovu karne ya 19 walifanya kazi hiyo hiyo ya mzee, ila kwa makalibu ya bei. Bunduki zao kubwa zilipimwa kwa njia ambayo inaonyesha wazi kwamba risasi ilikuwa madini kwanza. Walihesabu: ratili moja ya risasi inatoa matufe mangapi yanayoenea kwenye mtutu? Yakiwa kumi na mawili, hiyo ni bunduki ya 12. Yakiwa manane, ni ya 8, na kila tufe lina gramu 57 hivi. Yakiwa manne, ni ya 4, kila tufe gramu 113. Ndiyo sababu namba ikipungua bunduki inakuwa kubwa. Samuel Baker, yule aliyefika Ziwa Albert mwaka 1864, alikuwa na moja iliyorusha kombora la nusu ratili. Tatizo lao lilikuwa kwamba risasi tupu ni laini, ikigonga fuvu la ndovu inajibonda na kusimama. Wakachanganya bati au zebaki ili iwe ngumu. Yote hayo yalifanywa kambini, kando ya moto, na watumishi weusi wakichochea.

Kwa hiyo kwa muda fulani mwindaji wa London na mtu wa Takaungu walikuwa sawa kwenye jambo moja: tufe walilimimina wenyewe. Walipotofautiana ni kwenye kile kinacholisukuma tufe.

Baruti ni makaa, kiberiti na shura. Makaa kila mtu anayo. Kiberiti, ambacho kwa asili ni jina la yale madini ya njano kabla ya kuwa jina la njiti, kililetwa. Shura inahitaji kusafishwa kwa utaalamu. Baruti nzuri ya pwani iliingia ikiwa tayari, kwenye mapipa, kupitia Zanzibar. Na baruti haina tabia ya risasi. Ikishawaka imekwenda, huwezi kuichimbua kwenye mti.

Hapo ndipo ulipokuwa udhaifu, na dola za Ulaya ziliuona. Tarehe 2 Julai 1890 zilitia saini Mkataba wa Brussels. Shuleni tunaambiwa ulikuwa mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na kweli ulikuwa hivyo. Lakini ndani yake kulikuwa na vifungu vya silaha. Kwenye eneo lote kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, kuanzia Atlantiki hadi Bahari ya Hindi, bunduki za kisasa zenye mifuo zisiuzwe kwa wenyeji. Kilichoachiwa njia, tena chini ya usimamizi na maghala ya serikali, ni bunduki za gumegume zisizo na mifuo na baruti ya kawaida ya biashara. Yaani gobore. Mwafrika aliruhusiwa kubaki na bunduki ya babu yake wakati ule ule anayekuja kumtawala ana Maxim.

Miaka mitano baadaye Takaungu iliupima mkataba huo. Mwanzoni mwa 1895 Salim bin Khamis, liwali wa Takaungu, alifariki. Kampuni ya Imperial British East Africa ikamsimamisha mwanawe, Rashid bin Salim. Kwa desturi ya ukoo, wengi waliona haki ni ya binamu yake Mubarak bin Rashid. Mubarak na ndugu yake Aziz wakaingia misituni nyuma ya mji. Mzee wa Gazi, Mbaruk bin Rashid, aliyekuwa ameshapigana na masultani wa Zanzibar kwa miaka mingi, naye akaingia vitani. Tarehe 1 Julai 1895 Kampuni iliondoka na Uingereza ikatangaza himaya yake, kwa hiyo serikali ya kwanza ya nchi ambayo leo tunaiita Kenya ilizaliwa katikati ya vita vilivyoanzia kwenye mji huu mdogo. Nakumbuka kwenye kitabu cha shule vilipewa mistari michache.

Wengi wa wapiganaji wa Mazrui walibeba magobore, wachache walikuwa na bunduki bora zaidi. Upande wa pili kulikuwa na mabaharia wa kivita, mizinga na Maxim. Mweli, ngome ya Mbaruk, ilitekwa Agosti 1895. Vita havikuisha hapo. Viliendelea porini miezi mingine minane, mashamba na vijiji vikachomwa, mpaka Waingereza wakaleta askari kutoka India. Aprili 1896 Mbaruk na wafuasi wake walivuka mpaka, wakajisalimisha kwa Wajerumani. Alifia Dar es Salaam mwaka 1910.

Ukiwaza kuhusu miezi hiyo minane porini unaelewa thamani ya madini yanayoyeyuka kwa moto wa jikoni. Jeshi linaloweza kujitengenezea tufe linaweza kujificha. Halitegemei ghala. Lakini linahitaji mtu wa kulipitishia pipa la baruti, na bandari zote zilikuwa na bendera ya mwingine.

Sasa, mbona nisiishie hapa na kuwaita mashujaa? Kwa sababu lazima tuulize tufe lilikuwa linaelekezwa kwa nani siku za kawaida, kabla Mzungu hajaingia. Magobore ya Takaungu ndiyo yaliyolinda mashamba ya watumwa. Nyuma ya pwani, kwenye nchi ya Wagiriama, kulikuwa na vijiji vya watoro kama Fuladoyo, watu waliokimbia mashamba hayo na kujijengea maisha. Kwao mlio wa gobore haukuwa mlio wa uhuru. Mtu wa kumimina niliyekwenda kumtafuta, inawezekana kabisa alikuwa mtumwa mwenyewe, anamimina tufe litakalomrudisha ndugu yake shambani. Nikiwaza hivyo nashindwa kuimba.

Na kuna waliokuwa hawahitaji risasi hata kidogo. Wawata waliwinda ndovu kwa upinde mkubwa na mshale wenye sumu ya mti, kila kitu kutoka msituni. Wagiriama walipopambana na Waingereza mwaka 1914, wakati wa Mekatilili wa Menza, silaha yao ilikuwa upinde pia. Serikali haikuweza kuzuia upinde bandarini, ikautafuta kwa njia nyingine. Miaka ya 1956 na 1957 Wawata walisakwa Tsavo kama majangili, kwa kazi waliyoifanya tangu enzi za mababu.

Wenye leseni, kwa upande wao, waliwinda kwa raha. Mmoja wao alikuwa na nyumba hapa hapa Takaungu, ufukweni: Denys Finch Hatton, mwindaji wa kulipwa aliyempeleka mrithi wa ufalme wa Uingereza safari mwaka 1928. Watu humjua kupitia Karen Blixen na sinema. Alikufa tarehe 14 Mei 1931 ndege yake ilipoanguka Voi, pamoja na mtumishi wake Kamau, baada ya kwenda kutazama ndovu kutoka angani. Bunduki kubwa za wawindaji wa kizazi chake hazikuwa na uhusiano na moto wa jikoni. Tangu 1898, ilipotoka .450 Nitro Express, baruti nyeusi iliachwa, ikaja baruti isiyo na moshi, na tufe likageuka kuwa kitu kirefu kinachokwenda zaidi ya mita 600 kwa sekunde. Risasi laini kwa kasi hiyo inajipaka kwenye mifuo ya mtutu, kwa hiyo ikavishwa koti la chuma au shaba. Chini yake kuna ganda, baruti, na fataki. Vyote vinne vinatoka kiwandani vikiwa vimefungwa pamoja.

Na kumbe hicho chote, ganda, baruti, fataki na ncha, sisi bado tunakiita risasi. Jina la kile kipande kimoja tulichoweza kumimina wenyewe limefunika vipande vingine vyote ambavyo hatukuwahi kuvimiliki. Ukisikia mtu anasema "alipigwa risasi", sikia pia kwamba hiyo risasi imenunuliwa, ina kiwanda, ina risiti, na anayeamua iingie nchini au isiingie si mtu wa Takaungu. Mkataba wa 1890 ulitaka hivyo, na ganda la kiwandani likamaliza kazi.

Madini yenyewe hayajaondoka pwani. Kilomita 50 hivi kusini, pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilianza kuyeyusha betri mwaka 2007 kando ya nyumba za watu. Moshi ukaingia vyumbani, maji machafu yakaingia kwenye njia za watoto. Phyllis Omido na majirani walipigana mpaka kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaiondoa 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto inakwenda moja kwa moja kwenye ubongo. Inaua bila bunduki, na polepole.

Ndiyo sababu nikimfikiria yule mzee wa chubwi, sifikirii tena kalibu yake. Nafikiria upepo aliouweka mgongoni, na mjukuu aliyemfukuza bila kumtazama. Hakuna aliyempa semina. Ni elimu ya mtu anayejua kitu alichoshika, na naamini waliomimina hapo mwaka 1895 walikuwa nayo pia, kwa sababu bila hiyo wasingeishi kumimina mara ya pili. Sisi tumebaki na neno tu, na kila tunapolitaja tunasahau kwamba ni jina la madini.